Maskini Amefunuliwa, Daftari Limefunikwa

Katika sharika nyingi za Nyanda za Juu Kusini, siku ya diakonia ina utaratibu ambao msharika wa muda mrefu anaweza kuueleza akiwa amefumba macho. Baada ya mahubiri yatima huitwa mbele. Wajane hufuata, kisha wazee wasiojiweza na ndugu wenye ulemavu. Hupangwa mstari mbele ya madhabahu, na kila mmoja hupokea mche wa sabuni, sukari na chumvi, na watoto hupewa madaftari na kalamu. Kwaya huimba. Simu huinuliwa, picha hupigwa. Miezi michache baadaye, kwenye mkutano mkuu wa usharika, mtunza hazina husoma taarifa ya mwaka, na humo huduma hiyo yote huwa na mstari mmoja: neno "Diakonia", na mbele yake jumla ya fedha. Mara nyingi hakuna anayeuliza. Chakula kiko tayari, na wingu limeshatanda upande wa mlimani.

Tunamwomba msomaji ayatazame mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu tumezoea kuyatazama kila moja kwa wakati wake. Maskini tunamjua kwa jina, kwa sura, kwa idadi ya wajukuu wake na kwa ugonjwa uliomwondoa mwanawe. Fedha hatuijui. Hatujui iliingia kiasi gani kwa ajili yake, ilitoka kwa nani, nani aliamua inunue sabuni badala ya bati, wala iliyobaki iko wapi. Aliyepaswa kusitiriwa amefunuliwa, na kilichopaswa kufunuliwa kimesitiriwa. Hilo ndilo tunalotaka kulikosoa katika makala hii, na tunalikosoa kama watu wa ndani, tunaolipenda kanisa hili na tunaokula mkate wake.

Ukiuliza sana habari za hesabu, utajibiwa kwa Mathayo sura ya 6. Utaambiwa kwamba Bwana alifundisha mkono mmoja usijue kinachofanywa na mwenzake, kwa hiyo mambo ya sadaka ni ya sirini. Tunashangaa jinsi andiko hilo lilivyogeuzwa nyuma mbele. Yesu alikuwa akisema na mtoaji, yule anayepiga baragumu katika sinagogi na njiani ili watu wamwone akitoa. Siri anayoiagiza ni ya kuzuia sifa ya mtoaji, na papo hapo inamsitiri anayepokea. Mtunza hazina hayumo katika maneno hayo. Yeye hatoi chake, anatunza cha watu. Mikono yake yote miwili inapaswa kujua, na mkono wa tatu, wa mkaguzi, ujue zaidi. Kama kuna kitu ambacho Mathayo 6 inakikataza katika ibada zetu, ni ule mstari wa mbele ya madhabahu. Baragumu la siku hizi lina kamera.

Wapo watakaosema kwamba "utawala bora" ni maneno ya serikali na ya wafadhili, yaliyoingia nchini pamoja na semina. Ni kweli maneno hayo tumeyasikia sana tangu miaka ya 1990, na mwaka 2001 nchi ikapata Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Lakini jambo lenyewe kanisa linalo tangu Yerusalemu. Matendo ya Mitume sura ya 6 ni habari ya huduma za jamii iliyokwama. Kulikuwa na mgao wa kila siku kwa wajane, na wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa. Luka haandiki kama walirukwa kwa makusudi au kwa uzembe. Anaandika kwamba yalitokea manung'uniko. Hapa wahubiri wengi hukimbilia mbele, kwa Stefano aliyejaa Roho, na kuyaacha manung'uniko nyuma kama aibu ya ukoo.

Sisi tunaona manung'uniko hayo ndiyo mlango wa habari nzima. Mitume hawakuwaambia wajane kwamba mpewa hachagui. Hawakuuliza nani ameanzisha maneno. Waliita kusanyiko lote, wakalitwika kusanyiko kazi ya kuchagua watu saba, na sifa ya kwanza waliyoitaja ilikuwa kushuhudiwa vema na watu. Kisha tazama majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na wa mwisho hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa. Yaelekea upande uliolalamika ndio uliopewa mfuko. Hatukumbuki kuona usharika wowote wa kwetu ukifanya hivyo, kwamba mjane aliyelalamika akaingizwa kwenye kamati ya diakonia kwa sababu alilalamika. Kwa kawaida huombewa.

Kuna andiko jingine ambalo husikika vikaoni pale mkaguzi anapotajwa. Ni 2 Wafalme 12, mahali panaposimulia kwamba waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Linasomwa hivi: watumishi wa Mungu ni waaminifu, kuwadai hesabu ni upungufu wa imani. Tunamwomba msomaji afungue sura nzima. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Mwanzoni hakuweka sanduku wala mwandishi, aliwaamini tu. Ikafika mwaka wa 23 wa utawala wake na mabomoko yako palepale. Maandiko hayasemi makuhani waliiba. Yanaonyesha tu kwamba fedha iliingia na ukuta haukupona, na yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya ujenzi anajua kwamba hali hiyo haihitaji mwizi.

Mfalme akawaita, akiwemo kuhani Yehoyada aliyemfundisha tangu utoto, akauliza kwa nini. Lile swali peke yake ni somo, kwamba mtoto wa kiroho anaweza kumwuliza mlezi wake habari za fedha na wote wawili wakabaki watu wa Mungu. Makuhani wakakubali kutopokea tena fedha mikononi mwao. Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, mahali ambapo kila aingiaye analiona. Lilipojaa, watu wawili wa ofisi mbili tofauti, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, walihesabu pamoja na kufunga fedha mifukoni. Ndipo ikaenda kwa maseremala na waashi. Na ndipo, baada ya yote hayo, tunaambiwa waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu. Uaminifu wao unatajwa mwishoni mwa mnyororo ambao mwanzo wake una tundu, macho ya watu na wahesabuji wawili. Anayeuchukua mstari wa mwisho na kuupeleka kikaoni bila lile tundu la kifuniko amelikata andiko vipande.

Sisi Walutheri tunalo sanduku letu pia, ingawa halitajwi sana katika mafundisho ya kipaimara. Mwaka 1523 wakristo wa mji mdogo wa Leisnig, huko Saksonia katika Ujerumani, waliandika kanuni za kasha la pamoja, na Martin Luther akaziandikia utangulizi na kuzichapisha ili miji mingine ijifunze. Mali za kanisa na sadaka zingeingia katika kasha hilo. Humo wangelipwa mchungaji na mwalimu wa shule, wangelelewa yatima, wangetunzwa wazee na wagonjwa, na fundi aliyekwama angekopeshwa ili ainuke. Wasimamizi walikuwa 10: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa wenyeji wa kawaida wa mji, na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Kasha lilikuwa na kufuli nne tofauti, na kila kundi kati ya hayo manne lilishika ufunguo wake. Halikufunguka mpaka wote wafike. Mara tatu kwa mwaka usharika mzima ulipaswa kukutana na kusomewa hesabu.

Tunapenda kukaa kidogo hapa kwenye ule ufunguo wa wakulima. Katika Ujerumani ya miaka ile mkulima alikuwa mtu wa kutozwa na kuamriwa. Hakuna aliyemtegemea kujua hesabu. Lakini katika sanduku la maskini, yeye aliye karibu zaidi na umaskini alishika chuma mkononi, na bila yeye kabaila hakuweza kuchukua hata senti. Hii ni tofauti na kumwalika maskini kikaoni "atoe maoni". Maoni yanaweza kusikilizwa na kusahaulika, lakini kufuli haifunguki bila ufunguo wake. Ni haki pia kusema kwamba mpango wa Leisnig uliyumba mapema. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali zilizopaswa kuingia katika kasha, na Luther alilazimika kumwandikia mtawala wa Saksonia kulalamika. Kanuni zilikuwa nzuri, wenye mali wakakalia mali. Kwa hiyo hatuleti Leisnig kama hadithi ya ushindi. Tunaileta kwa sababu inaonyesha kwamba waasisi wetu walijua hatari iko wapi, na hawakuiona kwa mjane.

Turudi kwetu. Iringa na Mbeya hazikujifunza diakonia vitabuni. Utafiti wa kitaifa wa 2007/08 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado na Njombe ndani yake, yamefikia asilimia 15.7 ya watu wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa taifa haukufika 6. Miaka karibu kumi baadaye, utafiti wa 2016/17 ulikuta Njombe asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, mikoa iliyoongoza nchi nzima. Nyuma ya asilimia hizo zimo nyumba ambazo bibi alirudi kuwa mama akiwa na miaka 65. Zimo shamba la mahindi lililoachwa pori, na binti wa darasa la saba aliyepandishwa basi kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Kanisa halikukaa kimya. Vikundi vya wanawake vilishona sare, wainjilisti walizika na kufariji, makao ya watoto yalifunguliwa, na marafiki wa ng'ambo wakaleta ada za shule. Haki ya kuukosoa utaratibu wetu haiondoi shukrani hiyo hata kidogo.

Lakini ni katika wingi huo wa huruma ndipo daftari lilipofunikwa. Huruma ilikuja kwa haraka, fedha ikaja kwa picha. Tulimtembelea bibi mmoja wa Mufindi, ambaye hatutataja jina wala kijiji chake, anayelea wajukuu wanne. Miaka iliyopita watu wa kikundi fulani cha hisani, ambacho sasa hakipo, walimpiga picha mjukuu wake wa tatu akiwa peku mbele ya jiko. Bibi alipata blanketi na kilo kadhaa za mchele. Baadaye kijana mmoja alimwonyesha ile picha katika simu, chini yake kuna maneno ya Kiingereza ambayo bibi hakuweza kuyasoma. Alichotuuliza ni jambo moja tu: picha ya mjukuu wake ilikwenda kwa nani, na ilirudi na nini. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyemwazima jirani jembe na sasa msimu umepita.

Tumelipima swali hilo kwa elimu yote ya theolojia tuliyopewa, na hatukuona jibu la kiroho linaloweza kulitosheleza. Ni swali la hesabu. Linahitaji tarehe, kiasi, jina la aliyepokea na stakabadhi. Na ni haki yake, kwa kuwa kilichotumika kuomba fedha kilikuwa uso wa mtoto wake.

Iringa ina uhusiano wa muda mrefu na wakristo wa Saint Paul, Minnesota, unaoitwa Bega kwa Bega, ambao umesomesha vijana wengi. Hatuushtaki kwa lolote. Tunalipenda jina lake, kwa sababu mabega hayawezi kugusana kama mmoja amesimama na mwingine amepiga magoti. Kwa mahusiano yote ya namna hiyo, ya dayosisi zetu zote, tunapendekeza kipimo kimoja chepesi: taarifa yoyote inayokwenda ng'ambo kwa Kiingereza isomwe kwanza kwa Kiswahili mbele ya wale inaowahusu. Kama ikisomwa watu wakaangaliana na kucheka chini chini, mchungaji atakuwa amekaguliwa bure.

Wengine watasema, "Basi tufanye kama serikali." Serikali nayo isijione imepona. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza 2012, kaya huibuliwa katika mkutano wa kijiji. Majina yanatajwa hadharani, watu wanakubali au wanakataa. Tuna shaka na njia hiyo. Yupo mzee wa Kihehe ambaye angelala njaa wiki nzima kuliko kusimamishwa mbele ya mashemeji zake na kuitwa kaya maskini. Na pamoja na kutajwa kote huko, zilipatikana baadaye kaya hewa kwa maelfu, nchi nzima ikasikia, zikaondolewa katika orodha. Tunajifunza jambo hapo. Kumwanika maskini hakukuzuia udanganyifu. Uligundulika pale orodha ilipolinganishwa na watu walio hai na malipo yaliyotoka.

Lakini kuna mahali ambapo kijiji kimetupita. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 kijiji kina mkutano mkuu wake, na utaratibu ni kwamba kila miezi mitatu wanakijiji wasomewe mapato na matumizi. Tunajua vijiji ambavyo mwaka unapita bila mkutano. Hata hivyo mama asiyejua kusoma anajua kwamba akisimama kumwuliza mwenyekiti mchango wa darasa umekwenda wapi, sheria iko upande wake. Jumapili akija kanisani, haki hiyo anaiacha mlangoni pamoja na mwavuli. Humo ndani akiuliza, atakuwa "amemgusa mpakwa mafuta".

Jambo hili linakuwa zito zaidi tunapofika kwenye hospitali, maana huko hatuzungumzii tena sukari na sabuni. Mwaka 1992 serikali na makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, walitia saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii, na ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Tangu hapo ushirikiano umekua. Ukienda Ilula wilayani Kilolo, Matema kando ya Ziwa Nyasa, Itete kule Busokelo, au ukivuka kwenda Ilembula mkoani Njombe, utakuta hospitali za Kilutheri ambazo bila hizo watu wa pande hizo wangesafiri mbali sana. Katika hospitali nyingi za makanisa nchini wapo watumishi wanaolipwa na serikali, na zipo fedha za umma zinazopita. Ndugu zetu Waislamu wamehoji makubaliano hayo kwa miaka mingi, na wakristo wengi wameyapokea maswali hayo kama uadui. Sisi tunadhani swali la jirani anayelipa kodi ile ile si uadui. Fedha ya umma ikishaingia katika sanduku la kanisa, ana haki ya kuona tundu la kifuniko.

Hebu tuwatazame waliotia saini: serikali upande mmoja, kanisa upande wa pili. Mgonjwa hakuwa upande wowote. Sera ya afya inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, pamoja na mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano. Mzee anasikia hivyo redioni. Anakodi bodaboda, anafika katika hospitali yenye msalaba juu ya paa, anaonyesha kadi yake, na anaweza kuambiwa kwamba hapa msamaha una masharti yake, kwa sababu makubaliano na halmashauri hayajagusa huduma hiyo au malipo hayajaletwa. Mhasibu anayesema hivyo huenda anasema kweli kabisa. Hospitali isiyolipwa haiwezi kununua dawa. Lakini mzee huyo hakuwahi kuelezwa makubaliano yanasemaje, hakuna karatasi ukutani inayoyaeleza kwa lugha yake, na katika bodi ya hospitali hakuna mtu aliyewahi kukaa katika benchi lile akiwa na kadi ile. Anarudi nyumbani akiamini kwamba kanisa limemkatalia. Kwa upande wake, limemkatalia.

Vituo vya serikali vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa jamii, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha nyingine za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, ili kamati hizo ziwe na kitu halisi cha kusimamia. Kamati nyingine zimelala, tunajua. Bado ni aibu kwetu kwamba zahanati ya kijiji inaweza kuwa na mkulima mezani pake, wakati sisi wa Leisnig tunajaza bodi kwa wachungaji, wanasheria na wahasibu wastaafu.

Tumesikia majibu matatu mara nyingi. La kwanza ni kwamba kanisa ni familia, na katika familia watu hawadaiani stakabadhi. Tunajibu kwamba familia nyingi za kwetu zimesambaratika kwa mirathi ambayo hakuna aliyetaka kuiandika. La pili ni kwamba hesabu zikiwekwa wazi, wafadhili wataona upungufu na kukimbia. Mtume Paulo aliona hatari hiyo kinyume chake. Alipobeba mchango wa makanisa kwenda kwa maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake na Tito. Alitaka aongozane nao ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza wazi kwa Wakorintho kwamba anajihadhari asije akalaumiwa na mtu, maana jambo liwe jema machoni pa Mungu na machoni pa wanadamu pia. Paulo! Kama yuko mtu aliyeweza kusema "niaminini tu", ni yeye.

Jibu la tatu ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu husemwa kwa upole. Eti maskini hawana uwezo wa mambo ya kamati, tutawachosha tu. Wanaosema hivyo wafike Iringa mjini, katika karakana na mgahawa wa Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa na ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Ruaha mwaka 2003. Wahudumu wa mgahawa ni viziwi. Mgeni huandika anachotaka, na chakula huja. Watu ambao ukoo uliwaficha nyumba ya nyuma wanafuma, wanatengeneza karatasi, wanalipwa mshahara. Ukikaa pale nusu saa unasahau nani alikuwa wa kuhurumiwa. Na bibi anayelisha wajukuu wanne kwa mahindi ya ekari moja, akapanga ya kula, ya mbegu na ya ada, anajua makisio kuliko wengi wetu tunaoyaandika kwa kompyuta.

Tunachopendekeza si kikubwa, na kwa sehemu kubwa hakihitaji ruhusa ya makao makuu. Kamati ya diakonia ya usharika iwe na angalau watu wawili wanaopokea huduma hiyo, waliochaguliwa na wenzao, wenye kura. Mmoja wao awe kati ya watia saini wa fedha hizo, na kama usharika bado unatumia sanduku, basi ashike ufunguo mmoja. Mapato na matumizi ya diakonia yasomwe kila miezi mitatu baada ya ibada, kwa kirefu: fedha ya mnada, ya bahasha, ya marafiki, kila moja na ilikokwenda, huku majina ya waliosaidiwa yakibaki kwa kamati peke yake. Msaada upelekwe nyumbani, jioni, na mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya anayebisha hodi na kukubali kiti akipewa. Watoto wasipigwe picha kwa ajili ya michango. Kama picha haina budi, mlezi aelezwe kwa lugha yake inakwenda wapi, na aletewe jibu. Makao ya watoto yafuate Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo inataka yawe na leseni na yakaguliwe, na ripoti ya ukaguzi isifungiwe katika kabati la ofisi.

Utaratibu huu utatuchelewesha. Kikao chenye bibi wawili wanaouliza maswali hakimalizwi kwa saa moja. Yatatokea manung'uniko, na mengine hayatakuwa ya haki, maana umaskini haumfanyi mtu kuwa malaika. Baadhi ya wazee wa kanisa wataona wamevunjiwa heshima. Mchungaji atakayeanza atasemwa, na huenda asitetewe na wale aliowatarajia.

Sharika nyingi huandaa makisio ya mwaka mpya kabla ya Krismasi. Siku hizo mvua zimeanza, barabara za Mufindi na Rungwe zinateleza, na bibi wa miaka 70 hawezi kupanda kilima kuja kikaoni jioni. Itabidi kikao kifanyike mchana, au nyumbani kwake.